Mtoto Anapoacha Darasa: Mafunzo ya Nyumbani na Kazi ya Mwalimu katika Mbulu na Hanang

Mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha katika wilaya za Mbulu na Hanang hukabidhiwa, pamoja na chaki na daftari la mahudhurio, majina ya watoto ambao hawapo. Mwalimu wa darasa humwambia kwa kifupi kwamba hao ni watoro, na mambo huishia hapo. Makala haya yanakusudia kulifungua jambo hilo upya. Mtoto aliyetoka darasani akarudi nyumbani hujifunza nini huko, na kwa njia gani? Na siku atakaporudi, mwalimu atampokea vipi?

Maswali haya hayaulizwi hapa petu tu. John Holt, aliyepata kuwa mwalimu wa darasa la tano huko Marekani, alitoa mwaka 1964 kitabu kuhusu sababu za watoto kushindwa shuleni. Kwa miaka mingi alitaka shule zibadilike. Alipokata tamaa, mwaka 1977 alianzisha jarida la wazazi waliowatoa watoto wao shuleni kwa hiari. Hakutaka wazazi hao waigeuze sebule kuwa darasa lenye ubao na ratiba. Alitaka mtoto aishi na watu wazima, aulize, ajaribu, naye mzazi amsaidie pale anapoombwa. Wazazi walioifuata njia hiyo waligundua jambo ambalo yafaa mwalimu alikumbuke: mtoto aliyetolewa shuleni haanzi kujifunza mwenyewe siku ya pili yake. Aghalabu hukaa majuma, pengine miezi, akingoja kuambiwa la kufanya, au akikikataa kila kitu kinachofanana na kitabu. Mazoea ya darasa hayavuliwi kama sare.

Kwetu sisi fikra hizo si ngeni. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba kukosekana kwa majengo ya shule kabla ya ukoloni hakukuwa na maana ya kukosekana kwa elimu, kwani watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Wengi wetu husoma maneno hayo kama historia. Katika bonde la Yaeda, upande wa magharibi wa Mbulu, si historia.

Mtoto wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa bado mchanga sana, na mtoto wa kike hupata kijiti chake cha kuchimbia. Watafiti waliokaa na Wahadzabe katika miaka ya 1980 walieleza jinsi watoto, tangu umri wa miaka mitano hivi, wanavyojitafutia sehemu ya chakula chao wenyewe: ubuyu, matunda ya vichaka na mizizi. Mwanachuo aitazame njia yenyewe. Watoto wa umri mbalimbali hutembea pamoja, mdogo akimfuata mkubwa. Mtu mzima hasimami mbele yao kueleza mzizi ulioiva unavyojulikana. Mtoto huchimba, hukosa, hurudia, nayo ardhi yenyewe ndiyo inayomsahihisha. Kazi na mchezo havitenganishwi kwa kengele. Ukikilinganisha na kipindi cha dakika 40 ambamo watoto wa umri mmoja huketi wakiutazama mgongo wa mwalimu, utafahamu kwa nini wapo wanaotoroka.

Hata hivyo tusiharakishe kuhukumu. Mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya vipimo walivyovifanya miongoni mwa Wahadzabe. Waliwalinganisha watu waliopoteza miaka yao wakiwa shule ya bweni na wale waliobaki porini, katika kuchimba mizizi na kulenga shabaha kwa mshale. Waliokwenda shule hawakuonekana kuwa nyuma. Basi hofu kwamba shule lazima imnyang'anye mtoto ujuzi wa kwao haina uzito tuliouzoea, na sababu ya kutoroka hatuna budi kuitafuta kwingine pia: katika kutenganishwa na wazazi, katika lugha ngeni, na katika fimbo.

Tueleze jambo tuliloliona wenyewe. Katika ziara moja ya kuwakagua wanachuo, kusini mwa Hanang, tulimkuta mvulana wa Kibarabaig wa miaka kumi hivi, aliyeacha shule akiwa darasa la pili na kuchunga mbuzi kwa miaka miwili. Mwanachuo wetu alikuwa amemrudisha darasani kwa maneno mazuri. Asubuhi ya kwanza akamwita ubaoni kufanya 47 kujumlisha 28. Mtoto alinyamaza, wenzake wakacheka, na siku iliyofuata hakuonekana.

Jioni tulikwenda nyumbani kwao. Mbuzi walikuwa wakiingia zizini, naye amesimama mlangoni. Mwanachuo akamwuliza ni wangapi. Akasema hajui. Kundi lilipokwisha kuingia akasema wawili hawapo, akawataja: jike lenye sikio lililochanika na mtoto wake. Hakuwa amehesabu. Aliliona pengo, kama mama wa watoto wengi anavyoona mezani kwamba mmoja hayupo.

Kesho yake alfajiri mwanachuo alirudi bila ubao. Alimwomba mvulana adondoshe kokoto moja kwa kila mbuzi anayetoka. Mkalimani alikuwa msichana wa jirani aliyesoma darasa la sita, kwa maana mwanachuo hakujua hata salamu ya Kidatoga. Walipomaliza, wakazipanga kokoto kumi kumi: mafungu sita, zikabaki tatu. Jioni wakaondoa kokoto moja kwa kila mbuzi aliyeingia. Mvulana alicheka sana, akasema kokoto hizi hazijui ni mbuzi yupi aliyepotea. Kwa maoni yetu hayo ndiyo maelezo bora ya tofauti ya idadi na kitu kinachohesabiwa tuliyopata kuyasikia, nayo hayakutoka chuoni. Siku ya tatu mwanachuo aliandika 63 mavumbini, sita chini ya mafungu na tatu pembeni. Juma lililofuata mtoto alirudi darasani. Alihudhuria majuma matatu, kisha familia ikahama na mifugo.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa nyumbani kunafundisha vizuri hivyo, kwa nini tusimwache mtoto huko, kama wale wazazi wa Marekani? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya uandikishaji na mahudhurio katika shule ya msingi kuwa jambo la lazima, na si kazi ya mwalimu kumshauri mzazi kinyume chake. Lakini hata tukiiweka sheria kando, iko sababu nyingine iliyo ndani ya ualimu wenyewe. Mtoto wa msomaji wa Holt hubaki katika nyumba yenye vitabu, magazeti na barua, na lugha ya nyumba ndiyo lugha ya vitabu hivyo. Maandishi ni sehemu ya mazingira yake, kama mbuyu ulivyo sehemu ya mazingira ya Yaeda. Mtoto wa Yaeda hana maandishi ya kumzunguka, na Kiswahili chenyewe hana budi kujifunza. Mzizi humfundisha mchimbaji kwa kukataa kung'oka. Herufi haimfundishi mtu kitu mpaka awepo wa kuitamka.

Nako kusoma si pambo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na pori lao tangu hapo linalindwa kwa karatasi pamoja na upinde. Huko Hanang, baada ya malisho kuchukuliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano, kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, mahali ambapo kuyajua malisho kwa miguu hakutoshi. Mtoto ajuaye pori bila kujua kusoma aweza kulipoteza pori.

Kwa hiyo, mwanachuo utakayepangiwa huku, ukimpata mtoto aliyerudi, au ukikabidhiwa darasa la MEMKWA, usianze na daftari la utoro. Kama mtoto wa Marekani huhitaji muda wa kuivua shule, huyu wako ahitaji muda wa kuivaa. Majuma mawili ya kwanza mweke karibu na mtoto mkubwa wa lugha yake. Yatupasa kukumbuka kwamba Kiiraqw, Kidatoga na Kihadza havina undugu wa karibu hata kidogo, wala kimoja chao si cha Kibantu, hivyo Kiswahili hakimjii mtoto kwa kufananisha. Mwombe akufundishe jambo moja, ukosee mbele yake, akusahihishe. Katika kusoma, anza na maneno anayoyatoa yeye mwenyewe, kama Sylvia Ashton-Warner alivyofanya na watoto wa Kimaori huko New Zealand. Akitaja mbuzi, asali au fisi, andika neno hilo kwenye kipande cha boksi, aende nalo nyumbani. Hapo umeanza kuyapeleka maandishi mahali yasipokuwapo.

Wala usidanganyike kwamba kutoka nje ni kuketi chini ya mti ukifundisha yaleyale. Tumepata kuona maandalio ya somo yenye kichwa "Mazingira Yetu" yaliyofundishwa tangu mwanzo hadi mwisho katika chumba ambacho madirisha yake yalikuwa yamefungwa.

Zoezi: Kabla ya kuandika azimio la kazi, chagua jina moja kutoka orodha ya watoro. Nenda kwao, ukae mchana mmoja bila kuuliza habari za shule. Andika ukurasa mmoja wa mambo uliyomwona mtoto huyo akiyafanya vizuri kuliko wewe, uje nao kwenye semina.