Mkate ao maumivu? Irabu za Kiingereza katika mezali



Siku moja kwenye ubao kuliandikwa mezali hii: "No pain, no gain." Mwenzetu mmoja akasimama, akaisoma kwa macho ya Kifaransa. "Pain" ni mkate, "gain" ni faida, akatafsiri: "Pasipo mkate, hakuna faida." Tulicheka mpaka wengine wakapiga meza. Lakini mwalimu alipouliza nani ataisoma sawasawa kwa kinywa, kalasi nzima ikanyamaza kimya. Kumbe sisi wote tulijua herufi, sauti hatukuijua.

Matata iko wapi? Kiswahili kiko na herufi tano za irabu, zile tunazoita voyele, na sauti zake ni tano. Mtoto wa Kabambare akishajua "a" ya "baba", ameijua mpaka uzee. Kiingereza kiko na herufi zile zile tano, lakini sauti zake zinakaribia makumi mawili. Jambo hili si geni kabisa hapa Kasongo. Wazee waliosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wanajua kwamba alama moja, kasra, inasomwa "i" ao "e". Msomaji anachagua kwa sababu neno analijua tayari kwa sikio.

Na sikio linafundishwa vizuri na mezali, ju nyingi ziko na vina. Ukijua sauti ya neno moja, umepata na ya mwenzake. "Pain" na "gain" zinasomwa karibu na "pein" na "gein". Sasa tazama "Haste makes waste", ndiyo kusema haraka haraka haina baraka. Hapo hakuna "ai", lakini sauti ni ile ile: "heist", "meiks", "weist". Inaletwa na ile "e" ya nyuma, ambayo yenyewe haisikiki. Anayesoma "hasite" bado anasoma Kiswahili.

"A friend in need is a friend indeed": "ee" ni "i" ya kuvuta. Lakini "friend" ni "frend", na hapo tusitafute kanuni, tushike tu kichwani. "Birds of a feather flock together", ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja: "ea" ya "feather" ni "e" fupi, sawa na "e" ya katikati ya "together". Halafu "East or west, home is best": "ea" ile ile imegeuka "i" ya kuvuta!

Tunaloshindwa zaidi ni "i" fupi na "i" ya kuvuta, maana Kiswahili na Kifaransa havitenganishi maneno kwa njia hiyo. Mezali yetu "Penye nia pana njia", Waingereza wanasema "Where there's a will, there's a way." Ukivuta ile "i" ya "will", umesema "wheel", na wheel ni gurudumu. Penye gurudumu pana njia! Wanaojua barabara ya Kasongo na Kabambare wakati wa mvua watakataa kabisa.

Wengine wanasema kwamba katika Examen d'État, kwa Kiingereza, hakuna anayekuomba kufungua kinywa, unachagua jibu kwenye karatasi tu. Ni kweli, na ndiyo sababu wengi wetu tumefika kalasi ya mwisho tukiwa mabubu wa Kiingereza. Sisi tumeanza kwa kuchelewa. Ninyi wa kalasi za chini, msingoje.

Tunafanya hivi: jioni, mbele ya kufungua madaftari, mmoja anasoma mezali kwa sauti, wengine wanaandika bila kuangalia, kisha tunabadilishana karatasi na kusahihisha. Yule wa mkate ndiye anatusomea sasa, na anatukatalia kabisa kucheka.

Kwa juma lijalo chukueni "Live and let live". Ile "e" ya nyuma ipo, lakini "i" imebaki fupi. Leteni maneno mengine matatu yenye tabia hiyo.