Akili Iwe Mkono Ulipo: Mwongozo wa Umakinifu kwa Madaktari wa Mifugo wa Kikima

Mwongozo huu ni wa daktari wa mifugo, msaidizi wake, na yule anayezunguka na mtungi wa mbegu za kupandisha ng'ombe. Kazi yao hapa Mbooni, katika kaunti ya Makueni, haina mahali pamoja. Asubuhi uko kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa juu ya Kikima, ukungu haujaondoka. Alasiri uko chini kwenye joto, upande wa Kalawa, ukisikiliza mapafu ya mbuzi wanaokohoa. Katikati kuna mteremko, pikipiki, na simu ya mtu wa tatu anayesema ng'ombe wake ameanguka na hainuki. Mwili uko kwa mzee mmoja, akili imeshafika kwa mwingine. Hapo ndipo kipimo cha dawa hukosewa, dalili iliyo wazi ikapitwa, na jioni mtu akafika kwake amechoka kuliko hata kazi aliyoifanya.

Umakinifu ni zoezi la kuirudisha akili kwenye kinachotendeka sasa, kila inapotoroka, bila kujikaripia. Jon Kabat-Zinn aliuingiza hospitalini mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu yasiyokwisha. Mizizi yake iko katika mafunzo ya Kibudha, lakini zoezi lenyewe halimdai mtu abadili dini. Anayesali aendelee kusali.

Vitabu vingi vinashauri kuketi kimya dakika 20 kila alfajiri. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye alfajiri yake. Daktari anayeamshwa saa kumi usiku kwa sababu ndama amekwama hana alfajiri ya namna hiyo, na si haki kumwongezea jukumu jingine la kushindwa kulitimiza. Atulie ndani ya kazi yenyewe, kwa maana kazi hii imejaa vipindi ambavyo lazima mtu asubiri.

Anza na tumbo la ng'ombe. Weka ngumi kwenye bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, uiache pale dakika mbili kamili. Tumbo la ng'ombe mzima hujisukuma takriban mara tatu katika muda huo: utasikia linavimba taratibu chini ya ngumi, linapita, linatulia. Usiongee. Akili ikikimbilia deni la duka la dawa, irudishe kwenye ngumi. Ikikimbia tena, irudishe tena. Mwisho wa dakika hizo una jibu la uchunguzi, nawe umepumua. Mwenye ng'ombe naye ameona kwamba umemgusa mnyama wake kabla ya kutaja bei, jambo ambalo wafugaji wetu hawalisahau.

Kwenye homa ya maziwa umakinifu ni sharti la usalama. Ng'ombe amezaa jana, amelala chini, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio baridi. Kalsiamu ikiingizwa mshipani kwa haraka inaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo dripu inapita polepole, dakika 10 au zaidi, nawe stethoskopu iko kifuani. Mapigo yakienda shoti au yakizubaa ghafla, unafunga. Simu izimwe sauti na ikae mfukoni. Sikiliza pigo moja, kisha linalofuata. Angalia mabega yako: mara nyingi yamepanda hadi karibu na masikio, na yakishushwa hata mkono unaoshika chupa hutulia. Familia imesimama pale na kila mmoja ana swali. Waambie kwa upole, "Mama, nipeni kidogo nisikilize moyo wake, nitawaeleza nikimaliza." Hakuna atakayeona vibaya.

Mpandishaji naye amepewa kituo chake. Mrija wa mbegu ukitoka kwenye mtungi wa baridi kali unatakiwa kukaa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa takriban sekunde 40. Wengi hujaza sekunde hizo kwa kusoma ujumbe wa simu. Zitumie kwa pumzi tano ndefu.

Barabarani, zoezi ni kuiona barabara. Macho wazi, na simu isipokelewe juu ya pikipiki. Kwenye kona za kushuka kuelekea Tawa simu inaweza kumuua mtu.

Sehemu ngumu zaidi ni ya huzuni. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na waliohudumia maeneo makavu ya Makueni na Kitui waliitwa kutibu wanyama ambao ugonjwa wao ulikuwa njaa. Sindano haikuwa na la kufanya. Kuna pia siku ya kimeta: mzoga umelala, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, na mwenye mali anataka nyama igawiwe kabla haijaharibika kwa sababu hana kingine. Huna ruhusa ya kukubali, wala kuupasua mzoga; unazikwa kwa kina na chokaa. Kabla ya kujibu, sikia nyayo zako ardhini, toa pumzi moja ndefu, ndipo useme, "Pole sana, mzee. Huyu atatuua sisi sote tukimgusa." Pumzi ile huiondoa hasira kwenye sauti, na mzee ataisikia tofauti.

Makueni ni miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa katika mpango wa taifa wa 2014 wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Kazi hiyo ni chanjo kwanza, lakini mara nyingine ni kumuua mbwa aliyelelewa na watoto. Usiondoke moja kwa moja kwenda boma linalofuata. Nawa mikono bila haraka, kwa sabuni, ukiyasikia maji, na ukiri moyoni kwamba jambo lile limekuuma.

Hata hivyo umakinifu hauwezi kubeba kila kitu, na mwajiri asiutumie kufunika uhaba wa wafanyakazi au mishahara inayochelewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kuwa madaktari wa mifugo wa kiume walikuwa na uwezekano wa kufa kwa kujiua mara 2.1 zaidi ya watu wengine, na wa kike mara 3.5. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, usingizi uliopotea au mawazo ya kufa ni mambo ya kupelekwa kwa mhudumu wa afya. Kaunti hii si ngeni kwa hilo: taasisi ya Africa Mental Health Foundation, chini ya Profesa David Ndetei, iliwafundisha wahudumu wa jamii, waganga wa jadi na viongozi wa dini wa Makueni kuwatambua wenye sonona na kuwaelekeza kliniki.

Jambo moja lifanyike wiki hii, hata kabla ya zoezi lolote la pumzi. Dawa za kuulia wanyama zifungiwe kabati lenye kufuli mbili, na ufunguo mmoja ushikwe na mwenzako. Mkubaliane mapema kwamba yeyote kati yenu anaweza kusema, "Leo baki na wangu pia," na mwingine ataupokea, ataketi naye, na watakwenda hospitali pamoja.