Tungule Inaoza Kitako: Chunguza Kabla ya Kutia Dawa



Somo la leo linaanzia bandani. Kama mmepanda tungule katika banda la plastiki, Ibra, Sur au Nizwa, huenda mmeshaona hili: tungule inakua vizuri, kisha kitakoni linatokea baka jeusi, gumu kama ngozi kavu. Wengi hudhani ni mdudu, wakakimbilia dawa. Dawa hiyo haisaidii, na tungule hizo ndizo mtakazokula.

Hili si la kuambukiza. Tungule imekosa kalsiamu, madini yanayoipa uimara. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, lakini hufika kwenye tunda kwa kubebwa na maji. Mche ukikauka leo na kufurikishwa kesho, kalsiamu haifiki kwa wakati. Maji ya kisima yenye chumvi huzidisha shida, kwani mizizi hushindwa kuyavuta.

Fanyeni hivi:

1. Tia kidole udongoni kila asubuhi. Pakavu? Mwagilia.
2. Mwagilia kidogo kidogo, saa zile zile kila siku.
3. Funika udongo kwa majani makavu, unyevu usipotee.
4. Chuma zilizooza, haziponi. Maji yakitengemaa, zitakazofuata zitatoka nzima.

Wazee wa hapa wanalijua somo hili. Maji ya falaji hugawiwa kwa zamu, kila shamba na saa yake. Falaji Daris ya Nizwa ni mojawapo ya falaji tano za Oman zilizoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Lakini si kila tatizo ni maji. Majani ya juu yakijikunja na kuwa manjano, geuza jani utazame chini yake. Ukiona nzi weupe wadogo, huenda wameleta virusi. Mche ulioambukizwa hauponi: ung'oe, kisha zibeni matundu ya wavu. Na maua yakipukutika siku za joto la kupita digrii 35, fungueni hewa ipite.

Maneno ya wiki: kitako, baka, mche, zamu, kupukutika.

Kazi ya nyumbani: Zanzibar husema "tungule", Bara husema "nyanya". Muulize bibi yako yeye husemaje. Kisha chora tungule moja mbovu, na chini yake uandike sentensi tatu: umeona nini, sababu ni nini, na utafanya nini.