Namna ya kusikiliza albamu tulivu ukiwa Kilole

Sabufa ya kijiweni imetengenezewa singeli na bongofleva. Ukiiwekea albamu ya sauti za polepole, ile yenye kinanda kinachoshikilia noti moja muda mrefu na mwimbaji anayenong'ona, utaona kama muziki umeharibika. Haujaharibika. Unataka kusikilizwa kwa namna nyingine, na sisi wa Kilole, hapa Korogwe, tunaweza kuipata bila gharama kubwa.

Muziki huu mara nyingi huzaliwa nyumbani. Albamu ya kwanza ya mwimbaji Billie Eilish, iliyotoka mwaka 2019, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala cha kaka yake, Finneas, mjini Los Angeles. Januari 2020 ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Sauti ya Billie iko karibu mno na maikrofoni hata pumzi zinasikika, na pumzi hizo ni sehemu ya wimbo.

Lakini mimi ningependa uanzie karibu zaidi na nyumbani, kwa Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na amerithi jina lake. Babu aliimba, mjukuu hurekodi sauti za mazingira na kuzichanganya kwenye kompyuta. Katika albamu yake *Peel* ya mwaka 2020 hakuna ngoma wala mwimbaji, na kibao kinachobeba jina la albamu kinazidi dakika 20. Anayengoja kiitikio atachoka mapema. Chagua sauti moja, ifuate mpaka izame, kisha angalia ni ipi iliyoshika nafasi yake. Aliyezoea ilimba, ala ya Wagogo, kama alivyoipiga marehemu Hukwe Zawose, ana mwanzo mzuri: humo pia mzunguko hurudiwa na mabadiliko huingia kidogokidogo.

Saa unayosikiliza ina uzito zaidi kuliko kifaa. Korogwe inapitiwa na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na mchana bodaboda hazinyamazi. Usiku watu wakishalala, au alfajiri kabla pilika hazijaanza, ndiyo nafasi yako. Mvua ya masika ikipiga juu ya bati, ahirisha. Hakuna albamu tulivu inayoishinda.

Tumia spika za masikioni zinazoziba vizuri, hata za bei ndogo, kwa sababu spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, na humo ndimo ilimo nusu ya muziki huu. Zima kiongeza besi na uzime mpangilio wa kuchanganya nyimbo, maana msanii amezipanga kwa makusudi. Waambie wa nyumbani kwamba unasikiliza, mama asije akakuita mara tatu ukaonekana umemdharau.

Hapa naomba tuwe makini sana. Kelele za nje humshawishi mtu aongeze sauti bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki katika desibeli 80. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, sauti ilikuwa kubwa mno, na usikivu ukipotea kwa njia hiyo haurudi. Ukitembea barabarani, vua spika za masikioni.

Kuhusu bando: muziki wa ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 1 kwa dakika, na ule wa kilobiti 320 hula kama megabaiti 2.4. Video hula zaidi, kwa hiyo iache. Pakua albamu nzima mara moja, kisha weka simu katika hali ya ndegeni ili ujumbe usikukatize.

Ukimaliza *Peel*, fungua kinasa sauti cha simu dirishani pako, rekodi dakika tano, uzisikilize kwa spika zilezile za masikioni. Kisha tafuta *Temporary Stored* ya KMRU, ya mwaka 2022, aliyoitengeneza kutokana na rekodi za zamani za Afrika zinazohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.