Rejista za surua na jarida la utafiti

*Daktari, mimi ni muuguzi Bunagana. Kutoka rejista za kituo chetu nimeandika, kwa Kifaransa, mswada kuhusu watoto waliougua surua. Majarida mengi yanataka Kiingereza. Kazi yangu imepotea bure? — Mama M.*

Haijapotea, mama. Pan African Medical Journal hupokea makala kwa Kifaransa. Soma kwanza maelekezo yake kwa waandishi. Miswada mingi hurudishwa kabla ya kuhakikiwa kwa sababu tu hayakufuatwa.

Kinachonipa wasiwasi si lugha, ni kibali cha kamati ya maadili. Kama huna, usitume bado: ulizia kamati hiyo kupitia chuo kikuu cha Goma. Kufuta majina ya watoto pia hakutoshi. Katika mji mdogo wa mpakani kama Bunagana, umri, mtaa na tarehe ya kulazwa vinatosha jirani kumtambua mtoto. Andika umri kwa makundi, tarehe kwa miezi.

Na ada ya kuchapisha? Omba msamaha wa ada wakati wa kutuma mswada, si baadaye. Jarida linaloahidi kukubali makala kwa siku 3 likilipwa, likimbie.

Hesabu zikikukwama, mtafute mtakwimu sasa, na akichangia kweli kazi, mweke kati ya waandishi.