Uliza Kwanza, Kemea Baadaye
Somo: 1 Samweli 16:6-13



Mwaka 2005, jimbo la Missouri, Marekani, mwanafunzi wa sekondari alienda kwenye dansi ya shule akiwa amevaa kilti, kwa heshima ya asili yake ya Kiskoti. Mwalimu mkuu akamwambia abadilishe nguo. Mkubwa aliona sketi. Kijana aliona mababu zake.

Kilti ni vazi la wanaume wa Skotland. Serikali ya Uingereza ililipiga marufuku kwa sheria ya 1746, baada ya uasi, na katazo likaondolewa 1782. Sasa, wengi wetu tungekimbilia Kumbukumbu la Torati 22:5. Lakini andiko hilo linamkataza mwanamume nguo za kike, na kilti ni ya kiume. Andiko ni sahihi, mshtakiwa siye.

Hata Samweli, nabii mzima, alimtazama Eliabu akadhani ndiye. Daudi alikuwa bado malishoni.

Nakiri, mimi pia nimeanguka hapo. Mwaka jana nilimrudisha kijana mlangoni kwa sababu ya mavazi. Sikumuuliza hata jina. Hajarudi, na sijui nimtafute wapi.

Sisemi kanisa lisiwe na utaratibu. Nasema utaratibu usiouliza hufukuza watoto wa Mungu.

Wiki hii, kabla hujamkemea kijana, muulize: "Unaitwa nani? Vazi hili lina maana gani kwako?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Ombi: Bwana, tupe macho yako. Amina.