MIGONGANO YA MOLEKULI NA UFYONZAJI WA MIALE YA JOTO

Usiku wenye unyevunyevu na mawingu, ardhi ya Bungu, wilayani Kibiti, hupoa polepole kuliko usiku mkavu wa anga wazi. Ardhi hutoa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu, huipitisha karibu yote. Mvuke wa maji na hewaukaa huifyonza. Basi gesi chache huwezaje kuipasha joto hewa yote? Jibu limo katika migongano.

1. Kueneza joto
Molekuli ya hewaukaa ikifyonza mwale, hutetema. Ingekuwa peke yake, ingekaa na nishati hiyo kwa sehemu kubwa ya sekunde kabla ya kuitoa tena. Lakini karibu na usawa wa bahari hugongana na jirani zake mara bilioni kadhaa kila sekunde. Kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita, nishati huwa imekwisha kuhamia kwa nitrojeni au oksijeni, ikawa mwendo, yaani joto.

2. Kupanua mistari
Gesi hufyonza mawimbi ya urefu maalumu tu, yaonekanayo katika spektra kama mistari myembamba. Kila mgongano hukatiza mtetemo, na mstari hupanuka. Katika kilele cha Kibo (mita 5,895) kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani; hivyo mistari nayo huwa na karibu nusu ya upana.

3. Katika vimiminika
Hapa molekuli zimesongamana, haziwezi kuzunguka kwa uhuru. Mistari huungana ikawa mikanda mipana. Ndiyo maana utando wa maji wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita hufyonza karibu miale yote ya joto itokayo ardhini.

4. Kuzaa ufyonzaji mpya
Mwaka 1949, Crawford, Welsh na Locke wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba hata nitrojeni na oksijeni, zikikandamizwa sana, hufyonza infraredi: molekuli zinapogongana hupotoana chaji zao kwa kitambo.

Kwa hiyo uchache wa gesi si hoja ya kudharau athari yake.

Maswali
(a) Kwa nini hewa ya Bungu hupata joto ingawa sehemu yake kubwa haifyonzi infraredi?
(b) Kanieneo ikipungua, upana wa mistari hubadilikaje?